Kabla Hujapakia Mpunga, Ingia Chini ya Tela

Leo siongelei mbegu, siongelei mbolea wala viwavijeshi. Naongelea sakafu ya tela. Najua wapo watakaosema bwana shamba kaishiwa mada. Subiri kwanza nikueleze, halafu ukimaliza kusoma chukua tochi na bisibisi, nenda kalale chali chini ya tela lako.

Hapa Kibaoni na Mpimbwe yote kwa ujumla, bila tela mavuno yanabaki shambani. Tela linatoa mpunga kwenye majaruba ya bonde la Mto Kavuu, linapeleka samadi shambani, linabeba mahindi, maji, tofali na kuni. Mtu akizidiwa usiku, tela ndilo linampeleka zahanati. Siku ya mnada linabeba familia nzima. Wengine wanavuta kwa maksai, wengine kwa trekta, wengine kwa pawatila, zile zilizoingia vijijini kwa wingi baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009. Livutwe na chochote, chini ya gunia kuna ubao na chini ya ubao kuna chuma. Tunakagua matairi, tunapaka grisi kwenye beringi, tunaangalia nira. Ubao na chuma chake hatuangalii mpaka siku vinapoachia.

Mimi mwenyewe sikuviangalia. Ndiyo maana naandika.

Bati juu ya mbao mbovu

Kuna mzee mmoja mkulima na mfugaji, anakaa nje kidogo ya Kibaoni. Mwezi wa tatu mwaka jana nilipita kwake kuangalia mpunga wake. Tulipomaliza akanionyesha tela lake la ng'ombe. Kwa nyuma, ubao mmoja ulikuwa umeliwa pembeni, tundu la kuingia ngumi. Akaniuliza, "Bwana shamba, hili nalifanyaje?"

Nilikuwa na haraka, pikipiki ilishawashwa. Nikamwambia, "Mzee wangu, tafuta kipande cha bati upigilie juu, kitakusogeza mpaka mavuno." Sikuinama. Sikugusa ubao hata mmoja.

Mzee ni msikivu. Akanunua bati jipya, akafunika sehemu yote ya nyuma, akapigilia misumari vizuri kabisa. Ukiliona tela unasema limekuwa jipya.

Mwezi wa sita wakatoa mpunga. Walipakia magunia tisa, na mjukuu wake wa miaka saba akapandishwa juu ya magunia ya nyuma, kama watoto wote wa huku wanavyopandishwa. Njiani wakavuka kikorongo kilichokauka. Gurudumu moja likadumbukia, tela likagonga chini, na sakafu ya nyuma ikaachia yote kwa mpigo. Magunia mawili yakapita chini na mtoto akapita nayo. Mguu ukabanwa kati ya gunia na ekseli. Ng'ombe waliposikia kishindo wakashtuka, wakavuta hatua kadhaa kabla kaka yake hajawashika.

Mguu ulivunjika chini ya goti. Namshukuru Mungu ulipona, leo anacheza mpira na wenzake, ingawa akichoka utaona anauvuta kidogo.

Nilipopata habari nilikwenda. Nilimsalimia mzee shikamoo huku macho nimeyaelekeza chini. Akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nikasema, "Mzee, lile bati nilikushauri mimi." Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Bwana shamba, bati lako halikuwa na tatizo. Mbao ndiyo ilikuwa mbovu, na wote wawili hatukuiangalia."

Basi tukaenda kuiangalia. Nililala chini ya lile tela kwa mara ya kwanza. Juu bati linang'aa, chini mbao imelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nilizamisha kidole. Sijasema bisibisi, nasema kidole. Na haukuwa ubao mmoja, zilikuwa mbao nne kati ya saba. Lile bati lilikuwa limeshika maji kwa juu na kuzuia mbao isikauke, kwa hiyo ile miezi mitatu ya "kusogeza" ndiyo iliyomaliza kazi.

Kwa nini sakafu inaoza

Ubao hauozi kwa sababu ya uzee. Unaoza kwa sababu ya kuvu, na kuvu hao wanahitaji maji. Ubao ukikaa mkavu, unyevu wake ukawa chini ya asilimia 20 hivi, kuvu wa kuozesha hawawezi kufanya kazi. Ndiyo maana boriti ya nyumba yenye paa zuri inakaa miaka mingi, na ubao wa mti huohuo kwenye tela unakufa baada ya misimu michache.

Kwenye tela maji yanapata pa kujificha. Yanakaa pale ubao unapolalia chuma. Yanaingia kwenye tundu la bolti. Yananyonywa na ncha ya ubao, maana kwenye ncha ubao umekatwa na mirija yake iko wazi. Magurudumu yanarusha tope la mbuga kwa chini, tope linaganda, linashika unyevu hata wiki mbili baada ya mvua kukatika. Kwa juu unaona pamekauka, kumbe chini bado ni masika.

Kisha kuna mizigo yenyewe. Samadi ina mkojo na chumvi. Mbolea za viwandani zikimwagika na kupata unyevu zinakula chuma haraka sana. Ukibeba samadi mwezi wa kumi na tela lisioshwe, unakuwa umeacha kutu ikifanya kazi kwenye fremu mpaka mwezi wa tano. Mchwa nao wapo, hasa tela likiegeshwa muda mrefu, nyuma yake au mti wa kuvutia ukiwa umegusa ardhi.

Tatizo hili si letu peke yetu. Marekani na Ulaya kuna watu wanaosafiri na nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na gari, ndani mna kitanda na jiko. Sakafu zake nyingi ni za plaiwudi, juu yake wanatandika zulia au plastiki. Maji yanapenya kwenye maungio ya paa, mlangoni au kwenye bomba, plaiwudi inalainika chini ya zulia, na mwenye nyumba anagundua siku mguu unapobonyea. Wao pia wanaambiwa kuchoma kwa kitu chenye ncha na kutazama kwa chini kabla ya safari. Ugonjwa ni uleule, na kipimo ni kilekile.

Namna ya kukagua

Unahitaji tochi, bisibisi bapa, nyundo ndogo, brashi ya waya na kipande cha chaki. Simu yenye tochi inatosha. Kwa tela la kawaida kazi yote haizidi saa moja.

1. Osha na uache likauke. Toa mizigo yote, toa na lile turubai la zamani lililokaa sakafuni. Osha juu na chini, kwangua tope. Acha siku mbili juani. Tope likibaki huwezi kuona ufa.

2. Liweke salama. Fungua ng'ombe au chomoa pawatila. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Tela la magurudumu mawili liwekee gogo imara mbele na gogo jingine nyuma, lisiinuke wala kushuka. Tafadhali, usiingie chini ya tela lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia, gogo ndilo la kushikilia.

3. Tazama kwa chini. Ubao wenye afya una rangi moja. Ubao ulioanza kuoza unakuwa na mabaka meusi au meupe, au unapasukapasuka kama mraba mdogomdogo. Ukiona unga laini umedondoka na vitundu vidogo, kuna wadudu wa mbao. Ukiona njia za udongo, ni mchwa.

4. Choma. Shika bisibisi, sukuma kwa nguvu ya mkono tu. Ubao mzima unakataa, ncha inaacha alama ndogo. Ubao mbovu unakubali. Ukibanua kidogo, ubao mzima unatoa kibanzi kirefu chenye nyuzi, ubao uliooza unakatika vipande vifupi bila sauti. Choma sehemu hizi tano bila kuruka: ncha za mbao za nyuma, kuzunguka kila bolti, pale ubao unapolalia chuma, kwenye kona chini ya kuta za pembeni, na sehemu ya juu ya magurudumu. Palipokubali weka alama ya chaki.

5. Gonga. Pita na nyundo ubao kwa ubao. Mzima unalia kwa sauti kali. Uliooza ndani unatoa sauti nzito ya kufa, kama kugonga gunia. Kipimo hiki kinasaidia pale ambapo juu na chini panaonekana pazuri lakini katikati pameliwa.

6. Kanyaga. Panda juu, simama kwa kisigino katikati ya kila ubao, kati ya chuma na chuma. Mwenzako awe anatazama kwa chini. Ubao ukishuka kuliko wenzake, au ukilia, weka alama. Usirukeruke.

7. Kagua fremu. Piga brashi ya waya kwenye kila kiungo kilichochomelewa. Ufa kwenye chuma mara nyingi unaonekana kama mstari mwembamba wa kutu. Angalia sana pale ekseli inaposhikana na fremu, na pale mti wa kuvutia unapoanzia, maana hapo ndipo misukosuko yote inapoishia. Gonga chuma kwa nyundo. Kikidondosha magamba mazito ya kutu, pima unene uliobaki.

Ukifunua bati lolote lililopigiliwa juu, funua lote. Usikague pembeni ukadhani umekagua katikati.

Sasa unaamua nini?

Kanuni ninayotumia mimi ni rahisi. Kama ubovu uko juujuu na bisibisi haizami zaidi ya milimita 3, kwangua, kausha, paka kinga, halafu ukague tena baada ya mwezi. Kama bisibisi imezama zaidi ya hapo, ubao huo unatoka. Usiukate kipande cha katikati na kuunga, maana kipande kisichofika kwenye chuma pande zote mbili hakibebi kitu. Kama zaidi ya nusu ya mbao zina chaki, ng'oa zote, maana zilizobaki zina umri uleule. Kama ufa uko kwenye fremu karibu na ekseli, tela halibebi kitu mpaka fundi wa kuchomelea alione.

Kuimarisha: anzia chini

Makosa yetu mengi yanatokana na kuimarisha kwa juu. Nguvu ya sakafu inatoka chini, kwenye vyuma vinavyokatiza na umbali kati yake. Kwa kawaida mbao zinalala kufuata urefu wa tela na vyuma vinakatiza chini yake.

Fanya jaribio hili hapo nyumbani. Weka ubao juu ya mawe mawili yaliyoachana mita 1, simama katikati uone unavyobonyea. Sasa sogeza mawe yaachane nusu mita, simama tena. Ubao uleule utabeba uzito mara mbili kabla ya kuvunjika, na kubonyea kutapungua mpaka moja ya nane. Hujanunua ubao mnene, umesogeza mawe tu. Kwa hiyo tela lako likiwa na vyuma vilivyoachana sentimita 80 au mita nzima, ongeza chuma kimoja katikati ya kila nafasi, umbali ubaki kama sentimita 40 hadi 50. Chuma cha pembe cha milimita 50 kwa 50, unene milimita 5, kile mafundi wanachokiita engo laini, kinafaa kwa tela la ng'ombe la kawaida.

Unene nao una hesabu yake. Ubao wa inchi 2 una nguvu mara nne ya ubao wa inchi 1 wenye upana uleule, siyo mara mbili. Wengi tunanunua za 1 kwa 8 kwa sababu ni rahisi, tunaishia kununua kila msimu. Sakafu ya tela la mizigo iwe ya 2 kwa 6. Pima mwenyewe kwa tepu kabla ya kulipa.

Kuhusu aina ya mti, huku Katavi tuna bahati ya kuwa na mninga. Mninga unavumilia mchwa na unyevu, na haupindi sana ukikauka. Ila hata mninga una sehemu mbili. Ile ya ndani yenye rangi ya kahawia ndiyo ngumu. Ile nyeupe ya pembeni, iliyokuwa karibu na gome, inaoza na kuliwa kama mti mwingine wowote. Ukiuziwa ubao wenye mstari mweupe mpana, umeuziwa nusu ubao. Mikaratusi na paini zinaweza kutumika kama zimewekwa dawa, lakini kwenye tela bila dawa hazidumu.

Nunua kwa mwenye kibali, chukua risiti, na mzigo ukitoka mbali uwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimwangalii mtu kwamba alikuwa anatengeneza tela tu. Maofisa wa TFS wakikukuta na mbao isiyo na karatasi, hasara yake inazidi ya sakafu.

Ukishapata vifaa, kazi inakwenda hivi:

Ng'oa mbao zote mbovu na bolti zake. Kuchomelea kufanyike mbao zikiwa zimetoka na pawatila ikiwa mbali. Cheche zikiingia kwenye ubao mkavu wenye mafuta, moto unaweza kukaa ndani ukawaka wakati fundi ameshaondoka. Mwambie fundi achomelee chuma kipya pande zote na kwa urefu wote wa kiungo. Usikubali nukta mbili tatu. Kwenye ekseli yenyewe usichomelee kitu, funga kwa bolti za umbo la U.

Kwangua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke. Hapo ndipo ulaze mbao. Kabla ya kulaza, paka kinga upande wa chini na ncha zote mbili, kisha paka hata ndani ya matundu uliyotoboa. Wengi hutumia oili chafu ya injini. Inasaidia kuzuia maji, ila ni sumu. Ipake kwa chini na kwenye ncha tu, iache inyonywe kabisa, usiipake upande unaogusana na mpunga au mahindi, na inayobaki usiimwage karibu na kisima. Mwenye uwezo atumie rangi ya mafuta.

Acha nafasi kati ya ubao na ubao, kama unene wa penseli. Maji yapate pa kutokea na upepo upite. Siku ya kubeba mahindi ya kumwaga utatandika turubai, ukimaliza unalitoa.

Funga kwa bolti, siyo misumari. Msumari unashikilia ubao kwa kubanwa na nyuzi za mti tu, na tela linavyotikisika unatoka kidogokidogo. Bolti za spana namba 17 zenye kichwa cha duara ni nzuri, hazichani magunia. Toboa tundu sentimita 7 hivi kutoka ncha ya ubao ili usipasuke. Weka washa pana chini, springi washa, kisha nati. Usizamishe kichwa cha bolti ndani ya ubao, utakuwa umetengeneza kikombe cha kuwekea maji. Kama mbao hazikuwa zimekauka sawasawa zitapungua, kwa hiyo rudi na spana baada ya wiki tatu, kaza upya.

Kama mavuno yamekukuta hujajiandaa

Najua kuna mtu atasoma hapa mpunga ukiwa tayari umevunwa, umefunikwa turubai shambani, na mbao zina chaki kila mahali. Kwa huyo nasema hivi: tafuta mbao mbili au tatu nzima za inchi 2 zenye urefu wa tela lote. Zilaze juu ya sakafu mbovu, zivuke vyuma visivyopungua vitatu, zifunge kwa bolti au kamba ngumu kwenye fremu. Panga magunia juu ya hizo tu. Punguza mzigo uwe nusu, uende mara mbili. Mtu yeyote asipande. Ukimaliza msimu, ng'oa, fanya kazi yenyewe.

Tofauti ya hili na ushauri wangu wa bati ni kwamba ubao mzima unaovuka kutoka chuma hadi chuma unabeba mzigo. Bati la geji 30 halifiki hata nusu milimita, halibebi kitu. Kazi pekee lililofanya pale kwa mzee ni kutuzibia macho.

Mzigo na watu

Hata sakafu nzuri ina kikomo. Tela la maksai wawili kwa kawaida lisizidi kilo 1,000, na njia mbaya inapunguza hapo. Gunia la mpunga la kilo 80 mara kumi ni kilo 800. Lakini ukishindilia lumbesa hujui tena umebeba kilo ngapi, mbali na kwamba lumbesa yenyewe imekatazwa. Na kumbuka tela likidumbukia shimoni, mzigo unaigonga sakafu kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake wa kwenye mizani. Ndiyo maana sakafu nyingi zinaachia kwenye korongo na si kwenye tambarare.

Panga magunia mazito karibu na ekseli, yazidi kidogo sana kwa mbele. Ukirundika nyuma, tela linanyanyua nira na kuwakaba ng'ombe. Ukirundika mbele, unawakandamiza shingo.

Kuhusu watu, sitajifanya sijui hali ilivyo. Tela la mizigo si gari la abiria, ila usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu na hakuna pikipiki, tela litatumika. Basi litumike tupu, likiwa na kuta za pembeni, mgonjwa akae au alale katikati, juu ya ekseli, mtu mmoja atembee mbele ya ng'ombe. Mtoto juu ya magunia, hapana. Hilo sina namna ya kulilainisha. Mtoto atembee, au asubiri nyumbani.

Kalenda ya mwaka

Kwa hali ya hewa ya huku, kagua mara mbili. Mara ya kwanza ni mwezi wa nne mwishoni, mvua zinapokaribia kukatika. Sehemu inayobaki na unyevu wakati nyingine zimekauka ndiyo inayooza, utaiona kwa macho. Matengenezo yafanyike mwezi wa tano mwanzoni, kabla ya kubeba mpunga. Mara ya pili ni mwezi wa kumi, ukimaliza kupeleka samadi. Osha siku hiyohiyo. Kisha liegeshe chini ya kivuli chenye paa, hata la nyasi, liwe limeinamia upande mmoja maji yatoke, na pasiwepo ubao unaogusa udongo.

Lile tela la mzee tulilitengeneza pamoja, mimi, yeye na fundi, siku mbili. Tuliongeza vyuma vitatu, tukabadilisha mbao zote saba. Kwa bei alizopata, vifaa na fundi vilikula kama magunia matatu ya mpunga wake. Aliniambia angelipa mara kumi ya hiyo kama ingekuwa kabla ya ule mwezi wa sita.

Siku hizi nikifika kwa mkulima, kabla sijaenda shambani naomba kuona tela. Naweka begi langu pembeni, naingia chini. Wengine wanacheka. Mzee yeye hacheki. Juzi nilimkuta kwa jirani yake, amelala chali chini ya tela la watu, bisibisi mkononi, na mjukuu wake amechuchumaa pembeni anammulikia tochi.

Kama tela lako lina bati lililopigiliwa juu, lifunue wiki hii. Na kama hujui unachokiona, niite. Nitakuja, na safari hii nitainama.

Kazi njema.

Bwana shamba wenu, Kibaoni.